Tukishampenda Jack Zollo, tumsikilize na Milly

Kuna kitabu kimoja ambacho nimekisikia kikibishaniwa hata na watu ambao vitabu si shughuli yao kabisa. Makanga anakijua, fundi wa simu anakijua, wakili naye anakijua na atakusimulia nusu yake bila kukifungua, na ukiwaweka hao watatu meza moja na chai, dakika kumi haziishi sauti zishapanda. Hicho ni My Life in Crime cha John Kiriamiti. Kimeandikwa Kiingereza, ndiyo, lakini mabishano yake karibu yote nimeyasikia kwa Kiswahili na Sheng na Kikuyu, kwa hiyo sioni kwa nini nisiyaandike kwa lugha ambayo watu huyabishania.

Kwa wenzangu wa Dar na Bujumbura na kwingine ambao hamkukutana nacho, niwape picha kwa haraka. Kiriamiti alizaliwa 1950 huko Murang'a, baba mwalimu, mama mwalimu. Akafika Prince of Wales, ile shule ya Nairobi ambayo siku hizi ndo Nairobi School, akafukuzwa, na huyo mtoto wa walimu wawili akaingia mtaani, akaanza na kuchopoa mifuko ya watu, akapanda ngazi mpaka benki. Januari 1971 korti ikampa miaka 20. Alikaa ndani kama 13 hivi, na akiwa jela ya Naivasha akaandika. Kitabu kikatoka 1984 chini ya Spear Books, vile vitabu vyembamba vilivyolengwa mtu wa kawaida anayesoma akiwa kwa basi, na mwaka huohuo mwenyewe akaachiliwa. Shujaa wa kitabu anaitwa Jack Zollo. Ni riwaya, sawa, lakini ni riwaya ambayo msomaji anaifungua akijua kabisa kwamba aliyeiandika hakukaa maktaba kufanya utafiti wa wizi.

Mi nilikisoma bweni. Nakala yenyewe haikuwa na jalada, ilikuwa imeshonwa mgongoni na uzi wa gunia na ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina ya wasichana waliotutangulia, mmoja juu ya mwingine, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu, na tulikuwa tunaivalisha gamba la kitabu cha hesabu ili mwalimu wa zamu akipita na tochi aone logarithimu. Kulikuwa na foleni ya kukisoma. Ukichelewa kurudisha ulisemwa wiki nzima. Na nataka mjue kilichotuteka hatukukiita uhalifu, hata hatukufikiria uhalifu, tulikuwa tumempenda mtu. Kila msichana kwenye lile bweni alijiona ndo Milly. Tulikuwa tunabishana nani anafaa kuwa Milly na nani hafai.

Milly ndo mpenzi wa Zollo. Anampenda kwa moyo wote, na kwa muda mrefu hajui jamaa anafanya kazi gani. Hilo lishikeni, nitalirudia huko mbele kwa sababu kwangu mi ndo roho ya mabishano yote haya na ni ajabu vile watu hulipita tu.

Sasa kwa nini Zollo anapendeka hivyo. Watu husema ni hela, ni nguo, ni magari, ni vile anawahepa polisi. Hivyo vyote vimo. Lakini majambazi wenye hela na magari tumewasoma magazetini miaka nenda miaka rudi na hatukuwapenda kiasi hicho. Mi naona ni sauti. Jamaa anakuongelesha kama mtu aliyekupa lifti usiku na barabara ni ndefu, hakufichi kitu, anakwambia hapa niliogopa, hapa nilifurahi, hapa nilipigwa, hapa tulipanga hivi ikaharibika hivi. Hajifanyi mtakatifu hata sekunde moja. Na anaijua kazi yake, anakuonyesha namna ya kusoma mtu kwenye umati kabla hujamgusa, anakueleza nani anasimama wapi na nani anaendesha gari, na msomaji yeyote humheshimu mtu anayejua kazi yake, hata kama kazi yenyewe ni ya kukuibia wewe. Ukifika katikati ya kitabu ushakuwa upande wake bila kuulizwa. Polisi wakikaribia mapigo yanakwenda mbio, na yanakwenda mbio kwa ajili yake, si kwa ajili ya mwenye benki wala yule askari mwenye familia Kariobangi.

Halafu kuna jambo la umri ambalo huwa nawaambia watu wanashtuka. Fanya hesabu. Kazaliwa 1950, kahukumiwa Januari 1971. Ana miaka 20. Ile sauti yote ya mtu mzima aliyeiona dunia, ule ujasiri, ile mipango, wale wanawake, ni mambo ya kijana ambaye leo angekuwa mwaka wa pili chuo anampigia mamake aongezewe nauli. Na aliyeandika ni mtu wa thelathini na kitu aliyekaa ndani ujana wake wote akikumbuka. Kwa hiyo unaposoma unapata vitu viwili kwa pamoja, wepesi wa kijana ambaye hajui mwisho na utulivu wa mtu anayeujua vizuri sana, na nadhani huo mchanganyiko ndo unaofanya sauti iwe tamu vile. Wasomaji wengi kichwani mwao Zollo ni jibaba la miaka arobaini na sharubu. Mrudishe kwenye miaka 19, 20, halafu soma tena zile kurasa za benki. Mimi nilipata baridi.

Haya, maoni.

Wapo wanaomtetea kwa kusema aliibia matajiri. Hii naisikia sana hasa kwa wanaume wa rika la kakangu. Nairobi ya mwisho wa miaka ya 60, wanasema, uhuru umekuja lakini benki ni za wageni, maduka makubwa ni ya wageni, mashamba yamegawiwa wenyewe kwa wenyewe, sasa kijana mweusi mwenye akili afanye nini? Alichukua kilichokuwa chetu. Ni hoja inayonoga ukiisikia mara ya kwanza, na kwa upande wa benki siwezi kusema haina kitu ndani yake, kwa sababu ile hasira ya miaka ile ilikuwa ya kweli na watu wazima niliokua nikiwasikiliza bado walikuwa nayo.

Lakini kabla ya benki kulikuwa na nani? Kulikuwa na mifuko. Mifuko ya nani? Watu wa basi. Watu wa River Road na Grogan, ambayo siku hizi ndo Kirinyaga Road, watu waliotoka kununua spea, watu waliopokea mshahara. Tajiri hakai kwenye foleni ya basi na pesa kwenye soksi.

Mjomba wangu, mdogo wa mamangu, alikuwa fundi gereji Industrial Area miaka ya 70. Mwisho wa mwezi mmoja akatoka kazini na bahasha, akaamua kutembea mpaka Muthurwa aokoe nauli, na kabla hajafika wawili wakamjia kwa nyuma wakampiga ngeta. Kwa asiyeijua, ngeta ni mkono unazungushwa shingoni kwa nyuma, mfupa wa mkono unakaa pale kwenye koromeo, unainuliwa kidogo miguu inaacha ardhi, na mwenzake anapekua. Mjomba anasema hukumbuki maumivu, unakumbuka taa za barabarani zikigeuka za manjano halafu za kijani halafu hakuna. Alipozinduka hana bahasha, hana viatu, hana koti, na suruali yake imelowa. Wiki kadhaa alikuwa anakunywa uji tu kwa sababu kumeza kulikuwa shida, na sauti yake mpaka leo ikifika jioni inakwaruza. Mkewe alikuwa na mimba ya binti yao wa kwanza na mwezi ule walikula kwa majirani.

Haikuwa Kiriamiti, jamani, wakati huo yeye alikuwa ndani tayari, na sitaki kumbebesha mtu mzigo usio wake. Lakini siku moja nilikuja na kile kitabu likizo, nikakiacha kwenye kochi, mjomba akakichukua akasoma kidogo, akafika mahali panapoelezwa namna kazi za barabarani zinavyofanywa. Akakifunga. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mtu ameandika vile mimi nilikabwa, na nyinyi mnanunua?" Nikamwambia mjomba, si hivyo. Akasema, "Ni vipi basi?" Nilikuwa na miaka 16 na sikuwa na jibu, na kusema kweli jibu lake ni refu, ndo maana makala hii ni ndefu.

Upande mwingine kabisa kuna wanaosema kitabu hiki kiliharibu watoto. Walimu, wachungaji, wazazi. Ati kijana akikisoma anataka bastola. Hawa nao siwakubali, na siwakubali kwa sababu nimekulia esteti ambayo vijana kadhaa waliingia kwenye ujambazi, nawajua kwa majina, nimekula kwao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa msomaji. Walichokuwa nacho ni njaa, na binamu mwenye pikipiki, na polisi waliowakamata kila Ijumaa hata kabla hawajafanya kitu. Sisi tuliokuwa tunakisoma chini ya blanketi tumekuwa manesi na wahasibu. Na kama tunatafuta nani aliwapamba majambazi Kenya, basi tuanze na magazeti. Katikati ya miaka ya 90 nchi nzima ilikuwa inawajua Wanugu, Wacucu na Rasta, watoto walikuwa wanacheza kwa majina hayo, mmoja anakuwa Wanugu wengine wanakuwa polisi, na ile Februari 2007 jambazi Matheri alipouawa na polisi kule Athi River habari zilirudiwa na kurudiwa mpaka ungedhani kiongozi wa nchi amefariki. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji riwaya ili awe nyota.

Tofauti ninayoiona ni kwamba gazeti linampa jambazi sifa halafu linampa risasi na habari imekwisha. Riwaya ya Kiriamiti inamfuata mtu tangu akiwa mtoto wa nyumba yenye vitabu, kwa hiyo huwezi kusema alizaliwa mbaya, na huwezi kusema alikosa malezi, yale majibu mepesi yote yanakukatalia. Hiyo ni kazi kubwa na nampa heshima yake.

Kundi la tatu ni la wale wa "uongo huo." Hawa wanapenda sana kuhesabu. Haiwezekani mtu awahepe polisi mara zote hizo, haiwezekani wanawake wote hao, na ile sehemu ya Kongo, ah, ile sehemu ya Kongo ndo huwamaliza kabisa, wanasema hapo jamaa aliingia kwenye filamu. Mi hapa napita haraka kwa sababu sidhani ni swali linalozaa sana. Ameandika riwaya, amempa mhusika jina jingine, ana haki ya kuongeza chumvi. Kinachonigusa ni kwamba mtu huyuhuyu anayesema uongo huo ndo anayekumbuka kila kitu, mpaka rangi ya gari.

Rafiki yangu wa Morogoro alinishangaza zaidi ya hao wote. Tulikuwa tunaongea vitabu tulivyokua navyo, yeye akawa ananitajia Bwana Msa na kiko chake, yule wa Muhammed Said Abdulla, akanitajia Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, macho yanawaka, mi nikamtajia Zollo. Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo akasema, "Dada, sasa mbona nyie shujaa wenu ndo mwizi?"

Nimelifikiria hilo swali sana. Ni kweli. Msomaji wa Kiswahili kwa miaka mingi shujaa wake kwenye hadithi za uhalifu ni mpelelezi. Bwana Msa anakaa anafikiri mpaka fumbo linafunguka. Willy Gamba yuko upande wa serikali yake na serikali yenyewe iko upande wa ukombozi, Dar ndo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule umoja wa nchi za Afrika, kwa hiyo kijana wa Tanzania miaka ya 70 akimshangilia jasusi wa taifa anashangilia vita dhidi ya Makaburu na Wareno, anajisikia vizuri na ana haki ya kujisikia vizuri. Sisi Nairobi tungemshangilia nani? Mtu mwenye bastola tuliyemjua upande wa sheria alikuwa Patrick Shaw, yule Mzungu wa polisi wa akiba, mtu wa mwili mkubwa ajabu, mchana yuko Starehe Boys Centre anasaidia kuendesha shule, usiku yuko barabarani anawinda majambazi, na mpaka alipofariki 1988 jina lake pekee lilitosha kumaliza watu barazani. Wapo waliomwona mlinzi wao, mjomba wangu mmojawapo, na baada ya ile ngeta namwelewa. Lakini huwezi kumgeuza mtu kama huyo akawa Willy Gamba wa watoto wa Eastlands. Walimwogopa.

Na mwaka wenyewe, 1984. Ni miaka miwili tu baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, watu wanaongea kwa kunong'ona, polisi ni mtu unayemvukia barabara. Katika hali hiyo kinakuja kitabu cha bei ndogo ambamo kijana mmoja anawazungusha polisi miaka na miaka na anakusimulia kwa raha zake. Lazima kingependwa. Tena Kiriamiti mwenyewe baada ya kutoka hakukaa sana, mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 80 akarudishwa ndani, safari hii kwa tuhuma za Mwakenya, lile vuguvugu la siri la kumpinga Moi, mpaka 1990. Kwa hiyo msomaji aliyemwona Zollo kama mtu aliyeikimbia serikali tu, si mtu aliyewaibia wananchi wenzake, alipewa sababu nyingine ya kuendelea kumwona hivyo.

Nilimjibu rafiki yangu wa Morogoro yote hayo. Akasema ameelewa, lakini akaongeza kwamba Willy Gamba hajawahi kumwibia mtu wa basi. Sawa, hapo alinishika.

Turudi kwa Milly sasa.

Kwenye kitabu cha kwanza, Zollo anamdanganya Milly. Anamdanganya kwa ustadi uleule anaotumia kazini, anajua aseme nini, anyamaze lini, alete zawadi gani baada ya kupotea siku ngapi. Na sisi wasomaji tunajua. Tuko ndani ya gari na Zollo, tunajua ametoka wapi na ile pesa ni ya nani, na Milly amekaa nyumbani na chakula kinapoa. Kinachonisumbua ni vile tunavyofurahia. Bweni zima lilikuwa linacheka zile sehemu! Tulikuwa tunataka asigundue. Wasichana thelathini wanaojiita Milly, kila mmoja anaomba Milly asijue ukweli, ili stori iendelee kuwa tamu.

Halafu 1989 Kiriamiti akatoa My Life with a Criminal: Milly's Story. Mapenzi yaleyale, mtu yuleyule, lakini anayesimulia ni Milly. Nilikisoma nikiwa nshaanza kazi, nilikipata kwa wale wauza vitabu wanaotandika chini mjini, na ndani ya kurasa chache tu nikaanza kuona aibu ya kile kicheko chetu cha bweni. Kwa sababu ukimwondoa Zollo kwenye usukani na kumpa Milly, ule ucheshi wote unabaki kuwa mwanamke anayengoja mlango. Anajilaumu. Anapanga maisha juu ya mtu ambaye hayupo, ambaye hajawahi kuwepo. Anatetea jina la mtu mbele ya ndugu zake na hajui anatetea nini. Yale matukio ambayo kwa Zollo yalikuwa aya moja ya haraka, niliondoka nikarudi, kwa Milly ni usiku mzima.

Na hapo ndo nikaelewa kwa nini mabishano yetu hayaishi. Tunabishana kuhusu Zollo kana kwamba tumekutana naye kwa njia ya kawaida, kama watu wa nje tunaopima mtu. Hatukukutana naye hivyo. Tumekutana naye kwa njia ileile Milly alikutana naye, kupitia mdomo wake. Sauti iliyomfanya Milly aamini ndo hiyohiyo inayotufanya sisi tuamini, tofauti ni kwamba sisi anatuambia ukweli kuhusu wizi, na akishatuambia huo ukweli tunamwamini kwa mengine yote. Tunaamini alikuwa na sababu. Tunaamini aliowaumiza hawakuumia sana. Tunaamini, bila yeye hata kulisema, kwamba watu kama mjomba ni mandhari tu, ni umati wa mjini. Kumpenda Zollo si ujinga wala si tabia mbaya, mtu amefanya kazi yake ya kupendwa na ameifanya vizuri. Ila ukitaka kumhukumu, au hata ukitaka kumtetea, inabidi usome cha pili, maana kwenye cha kwanza peke yake uko mikononi mwake.

Nilimwambia hivi rafiki yangu mmoja, mwanamke mwenzangu, msomaji mkali kuliko mimi, na alinipinga mpaka chai ikapoa. Alisema, "Wewe unasema Milly apewe nafasi aongee, lakini nani ameandika hicho kitabu cha Milly? Si ni yuleyule? Mwanamume amekudanganya mwaka 1984, amerudi 1989 amevaa sauti ya mwanamke, na wewe unasema sasa ndo nimesikia ukweli." Alisema hata maumivu ya Milly yamepimwa na mwanamume, yametoshea vizuri kwa mtu anayetaka kusamehewa. Milly analia, ndiyo, lakini mapenzi yake kwa Zollo hayafi, na nani anafaidika mapenzi yasipokufa?

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Ana haki. Nilirudi kwenye kitabu nikitafuta mahali ambapo Milly anamchukia, anamchukia kweli, kama mimi ningemchukia, na sikuridhika na nilichopata. Lakini bado sikubali kwamba ni danganya toto. Kiriamiti hakulazimishwa na mtu kuandika kitabu cha pili kwa njia ile. Kilichokuwa kinauza ni Zollo. Angeweza kutuletea Zollo wa pili na wa tatu na benki zaidi na bastola zaidi na tungenunua, mimi wa kwanza. Badala yake akakaa kwenye kiti cha mtu aliyemdanganya akajaribu kuangalia kutoka pale, na kama hakufika mpaka mwisho, alienda mbali kuliko wengi wetu tulivyoenda tukiwa wasomaji. Rafiki yangu anasema hiyo ni sifa ndogo. Tumeachia hapo, bado tunaongea.

Kuna na cha 2004, My Life in Prison. Jamaa mmoja wa hao wanaotandika vitabu chini mjini aliniambia cha kwanza hakikai, kikifika asubuhi jioni hakipo, lakini cha jela kinaweza kuota vumbi hapo. Haishangazi. Kwenye jela hakuna gari linalokimbia. Kuna ukuta, kuna njaa, kuna kupigwa, kuna miaka. Lakini ile miaka 20 aliyopewa korti ndo ilikuwa bei ya zile kurasa tulizozisoma kwa tochi, na mtu anayemnukuu Zollo kwenye baa bila kujua kilichofuata huwa namuuliza kwa upole kama amemaliza stori. Tena Kiriamiti alihukumiwa kwa sheria za wakati wake, akapewa miaka. Kwa sheria za Kenya zilizopo, unyang'anyi wa kutumia nguvu, kifungu cha 296(2), adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Vijana waliomfuata kwenye kazi ileile miaka ya baadaye wengi hawakufika hata kortini, na hao hakuna aliyebaki kuandika chochote, si cha kwanza wala cha pili.

Swali ambalo huwa linakuja mwisho wa kila mabishano, wakati watu wanatafuta funguo za gari, ni hili: asingekamatwa, angeacha? Kwa sababu ya Milly, yaani. Wanaume niliowasikia wengi wanasema angeacha, alikuwa amechoka, alikuwa anataka kutulia na yule msichana. Kakangu anaapa kabisa. Mi nasema asingeacha. Alikuwa na miaka 20, hakuwa amewahi kupoteza kitu ambacho hakuweza kukiiba tena kesho yake, na kila alipokuwa anamuahidi Milly maisha mengine alikuwa anamuahidi kwa pesa za maisha yaleyale. Mjomba naye, siku nilipomuuliza, maana hatimaye alikisoma chote, miaka mingi baadaye, alistaafu akawa hana la kufanya, alisema swali lenyewe halimhusu. Anachotaka kujua yeye ni kama kuna siku mmoja wa wale waliomkaba alitembea River Road mchana, akaona fundi mwenye suruali ya gereji, akajiuliza kama ni yule. Nikamwambia hilo kwenye kitabu halimo. Akasema basi niwaambie waandike kingine.